Mkeka ulioishia katikati, na bada iliyotoka chungu

Swali: "Shikamoo. Naandika kutoka Mikindani. Bibi yetu ametutoka wiki tatu zilizopita. Nyumbani tumebaki mimi, mama na mdogo wangu wa miaka tisa. Bibi ndiye aliyekuwa akipika siku zote, na jioni alikuwa akikaa barazani anasuka. Ameacha mkeka wa ukindu haujaisha: kili 14 (ile mikanda iliyosukwa) zimeshonwa, urefu pima moja, upana nimepima sentimita 70. Kuna na ukili mwingine umeviringwa, kama pima nne, na mafungu ya ukindu ambayo sasa nikiyakunja yanakatika. Natamani niumalize, atandikiwe msomaji siku ya arobaini. Jambo la pili, kuna nusu gunia la makopa, ule muhogo mkavu, na debe la korosho ghafi. Nilitwanga makopa nikasonga bada, ugali wa muhogo, kama ya bibi, ikatoka mabonge na uchungu, na mdogo wangu akalalamika kichwa kinamzunguka. Mama hata jikoni haingii. Nianzie wapi?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mola amrehemu bibi.

Anzia kwenye gunia. Mkeka ukikaa miezi miwili ukutani hauna neno, lakini kichwa cha mdogo wako kina neno, na ninaomba usisonge tena unga ule mpaka umalize kusoma hapa. Bada chungu ikifuatwa na kizunguzungu ni dalili ya sumu ya muhogo. Akirudia tena, au akaanza kutapika na moyo kwenda mbio, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo na mseme wazi kwamba amekula muhogo mchungu, ili daktari asipoteze muda kutafuta malaria.

Muhogo mchungu wakulima wengi wanaupenda kwa sababu nguruwe-pori hauchimbui ovyo kama ule mtamu. Kinachomkimbiza nguruwe ndicho kinachotuuma na sisi: ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na muhogo huo huo una kimeng'enya chake cha kukivunja. Vikikutana penye maji, baada ya muhogo kupondwa au kulainika, hutoka sayanidi, nayo ni hewa, hupaa ikaenda zake. Shida ya makopa yaliyomenywa na kuanikwa moja kwa moja ni kwamba jua huyakausha kabla kazi hiyo haijaisha. Sumu hubaki imefungwa ndani, inangoja maji. Mwaka wa ukame huwa nyingi zaidi, kwa hiyo shamba lile lile lililowalisha miaka yote linaweza kuwageuka.

Bibi bila shaka alilijua hilo kwa mikono yake, hata kama hakulitaja. Wazee wengi wana hatua moja katikati ambayo wajukuu hawaioni, kwa kuwa hufanywa alfajiri au siku tatu kabla ya kupika. Ama alikuwa akiuvundika muhogo majini siku tatu mpaka nne hadi ulainike ndipo auanike, ama alikuwa akiutia unga maji na kuutandaza juani kabla ya kuusonga. Gunia lenyewe litakwambia. Chukua kopa moja ulivunje. Muhogo uliovundikwa huvunjika kwa urahisi, huwa mwepesi, unamegeka hadi katikati, na una harufu ya uchachu. Ukikuta kopa gumu kama chokaa, limekaza katikati na halina harufu yoyote, hilo lilianikwa tu, na hatua iliyobaki ilikuwa ifanyike kwenye unga. Kwa uchungu ulioueleza, nadhani ndivyo ilivyo.

Kabla ya kutwanga tena, limwage gunia lote kwenye turubai juani. Tazama chini kabisa ya gunia. Ukikuta ungaunga mwingi ambao hakuna aliyeutwanga, na makopa yana vitundu vya mviringo, basi dumuzi ameingia, yule mdudu ambaye watu humwita skania. Anatoboa muhogo mkavu kama anavyotoboa mahindi. Makopa yaliyotobolewa kidogo yapepete, yaanike siku mbili na uyasage ya kwanza. Usinyunyize dawa ya kuhifadhia nafaka kwenye chakula mnachokula wiki hii. Makopa yenye ukungu mweusi au wa kijani unaoingia mpaka ndani, hayo tupa. Kukwangua juu hakusaidii, maana ukungu huenda mbali kuliko unavyoonekana.

Sasa unga. Njia ninayokupa ilifanyiwa kazi na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imefundishwa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Twanga, chekecha, kisha utie unga mkavu kwenye bakuli usawazishe. Weka alama ubavuni mwa bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka kwanza, umejikusanya; endelea kuongeza maji mpaka urudi kwenye ile alama. Hapo acha. Tandaza tope hilo kwenye ungo mpana au jamvi safi, unene usizidi sentimita moja, yaani chini ya unene wa kidole chako kidogo. Uache juani saa mbili kamili, au kivulini saa tano kama kuna mawingu. Fanya nje, maana ile hewa inayotoka haifai kukaa nayo chumbani. Kwa kipindi hiki cha kusi, ukitandaza saa nne asubuhi, saa sita umemaliza. Upike siku hiyo hiyo. Unga mbichi ukilala hadi kesho huchacha na kuota ukungu.

Watu hukosea mahali pawili. Wanatandaza nene kwa sababu ungo ni mdogo, basi juu panakauka na chini sumu inabaki. Au wanapima kwa ulimi: wakiona uchungu umepungua wanapunguza na saa. Ulimi ni shahidi mzuri wa unga mbaya, lakini si shahidi wa kutosha wa unga mzuri. Fuata saa.

Nasisitiza kwa sababu mikoa hii ya kusini ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtwara ilipata wagonjwa wa konzo, maradhi ya ghafla ya kupooza miguu, ambayo yakishaingia hayatoki. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwenye nyumba zinazokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri siku baada ya siku bila kitoweo cha maana. Samaki, dagaa, mbaazi na kunde huupa mwili kile unachohitaji kuiondoa sumu kidogo inayobaki. Nyumba yenye msiba mara nyingi hula bada na chumvi kwa kuwa hakuna mwenye hamu ya kupika mboga. Hapo ndipo nawaombea muwe macho, hasa kwa yule wa miaka tisa.

Kuhusu mabonge: yanatokea kwa sababu ulitia unga kidogo kidogo kama wa mahindi, au uliutia maji hayajatokota. Unga wa muhogo ni wanga mtupu, karibu. Ukigusa maji ya moto, nje ya kila punje hugeuka gundi papo hapo na ndani hubaki mkavu. Ukishakuwa bonge, mwiko hauwezi kulivunja tena.

Kwa watu watatu chukua vikombe vinne vya unga uliokwisha kupitia ile njia ya juani. Ponda vidonge kwa vidole uchekeche tena. Chemsha maji vikombe vitatu yatokote kwelikweli, kisha chota kikombe kimoja ukiweke pembeni. Mimina unga wote kwa mara moja katikati ya sufuria, ukae kama kichuguu, na usikoroge. Toboa shimo katikati kwa mpini wa mwiko ili maji yachemke yakipanda humo. Dakika tatu, moto wa wastani. Halafu ipua chini, bana sufuria kwa miguu au mtu akushikie, na usonge kwa kuukandamiza unga kwenye ukuta wa sufuria, siyo kwa kuzungusha tu. Ukiona mkavu, ongeza maji yale ya pembeni kijiko kimoja kimoja. Rudisha kwenye moto mdogo dakika nne au tano, ukiigeuza. Bada iliyoiva hubadilika rangi, weupe wa chokaa unaondoka, inakuwa na mng'ao wa kijivujivu, na ukiigusa kwa kidole kilicholowa haishiki. Vikombe vitatu vya maji ni kwa unga wenye unyevu. Unga mkavu ungetaka vinne.

Na ukitaka bada iwe ya bibi hasa, kipimo chake bado kiko jikoni. Ikaushe sufuria yake juani uitazame ndani. Maji ya visima vya pwani yana chokaa, na sufuria inayochemshwa kwa kimo kile kile miaka mingi hubaki na duara jeupe ukutani. Jaza maji mpaka kwenye duara hilo, kisha yamimine kwenye chupa ya nusu lita uhesabu chupa. Kikombe alichokuwa akichotea unga nacho kipime vivyo hivyo. Chumvi huwezi kuipata kwa njia hiyo, lakini jirani aliyekuwa akimsaidia kusonga siku za shughuli anaweza kukuonyesha ukubwa wa bano lake.

Korosho zipe nafasi ya pili, kwa sababu haziharibiki upesi zikiwa na maganda na zimekauka. Zitingishe: zikigonga ndani ya ganda, ni kavu. Mimi ningezitumia kumtoa mama chumbani bila kumwingiza jikoni. Kazi ya kubangua hufanyika nje, mtu ameketi, mikono ina shughuli na mdomo una hiari ya kunyamaza. Msimwambie aje kuchangamka, mwambieni kuna korosho zinangoja kubanguliwa.

Kuzikaanga ni kazi yako wewe, mbali na mtoto. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi kama tindikali, na moshi wake unachoma macho. Tumia karai kuukuu lililotobolewa matundu, uwanjani, ukikaa upande upepo unakotoka. Tia korosho safu moja tu, geuza kwa fimbo ndefu. Mafuta yataanza kuvuja, yatashika moto. Acha ziungue zikiwa nyeusi sawasawa, kisha zipindue zote kwenye mchanga, uzifunike kwa mchanga zizime na mafuta yanyonywe. Zikipoa, mama apake majivu mikononi, agonge ganda kwa ubavu, kwenye mshono. Akigonga mgongoni mbegu hupasuka. Ngozi nyekundu ya ndani itoke baada ya kuzianika kidogo. Ikikataa, bado zina unyevu. Kilo tano za ghafi hutoa kama kilo moja ya mbegu, kwa hiyo msishangae debe likiishia kwenye bakuli.

Zile zilizopasuka ndizo za kisamvu. Nusu kilo ya majani machanga ya muhogo itwangwe laini kabisa, ikae robo saa ndani ya kinu (ni mambo yale yale ya sumu), kisha ichemshwe sufuria ikiwa wazi kwa saa nzima. Kikombe kimoja cha korosho zilizotwangwa kiingie pamoja na tui la pili, lichemke dakika kumi na tano ukikoroga chini, maana korosho huungua upesi kuliko karanga. Kasimile, yaani tui la kwanza zito, ya nazi moja iingie mwisho, ikifuka tu ipua. Bada, kisamvu hicho na kibua wa kukaanga, mtoto huyo hatakuwa na shida.

Tuje kwenye mkeka.

Swali la kwanza ni la kifamilia. Je, mkeka huo una mwenyewe? Wasusi wengi hupokea kishika mkono kabla ya kuanza, na bibi huenda alikuwa amekwisha kuahidi au kupokea fedha. Ulizeni majirani na wateja wake. Kama kuna fedha ya mtu, hilo ni deni la marehemu, na madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Ama mumrudishie, ama mkubaliane naye kwamba wewe utaumalizia. Kama hauna mwenyewe, basi ni mali ya warithi, na idhini ya mama na ndugu zake inatosha.

Pili, hesabu. Kili 14 kwa sentimita 70 maana yake kila ukili ukishashonwa una sentimita tano. Mkeka wa pima moja, yaani kama sentimita 180, kwa kawaida ungekaa vizuri ukiwa na upana wa 120. Zinabaki sentimita 50, sawa na kili kumi. Kila ukili ukatwe na ziada ya vidole vinne kila mwisho kwa ajili ya pindo, kwa hiyo kata sentimita 195. Kumi ni mita 19 na nusu. Ukili ulioviringwa, kama kweli ni pima nne, ni mita 7.2. Utatoa kili tatu kamili, na kipande cha mita 1.35 kitabaki. Hicho usikikate wala usikitupe, nitakirudia. Wewe unatakiwa kusuka mita 12.3 hivi, karibu pima saba.

Je, siku 19 zinatosha? Suka jioni moja kisha upime. Ukitoa dhiraa moja, sentimita 45, unahitaji jioni 28, na kushona bado. Ukitoa dhiraa mbili ni jioni 14, zinabaki tano za kushona. Ukishaona hesabu haitoshi, usikimbize mkono. Ukili uliosukwa kwa haraka hulegea, na ukishauunganisha na wa bibi utaonekana miaka yote. Msomaji atatandikiwa mwingine. Hata huo ukiisha hauketishi zaidi ya watu watano, majamvi mtaazima tu.

Ukindu unaokatika haujafa. Umekauka, na hii ndiyo hatua nyingine ya bibi ambayo pengine hukuiona: usiku, kabla ya kulala, ulikuwa unanyunyizwa maji. Chukua fungu la kutosha kesho tu, ulinyunyizie maji kwa mkono, ulikunje ndani ya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, uliweke mpaka asubuhi. Asubuhi kunja chane moja, yaani utepe mmoja wa ukindu, kwenye ukucha. Ikikunjika kama ngozi, suka. Ikivunjika hata baada ya siku mbili za hivyo, ukindu huo umezeeka, tafuta mwingine: makuti machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka, yaliyokatwa, kuchambuliwa na kuanikwa hadi yakawa meupe. Mikindu hupenda mabonde yenye maji, na mafungu huuzwa sokoni. Usidanganyike kwa miyaa, ambayo wengine huku huiita milala. Ni migumu na mipana, hiyo ya majamvi na vikapu, haitakaa pamoja na ukindu. Tena usiuloweke ukindu kwenye ndoo. Chane zilizojaa maji huvimba, unazisuka zimebanana vizuri, zikikauka zinasinyaa na mkeka unaonyesha sakafu.

Sasa hesabu chane za bibi. Lowesha shibiri ya mwisho ya ule ukili ulioviringwa, fungua uzi aliofungia, achanisha vidole viwili tu vya usukaji, uhesabu. Idadi huwa witiri mara nyingi, yaani haigawanyiki kwa mbili. Tuseme ni 13. Kwa ukili wa sentimita tano, chane kumi na tatu zinatakiwa kuwa na upana wa milimita tano na nusu kila moja. Zichane kwa ncha ya kisu kwa kuifuata mishipa ya jani, uzipange kando ya chane ya bibi ulinganishe. Moja pana kuliko wenzake hutosha kuupindisha ukili.

Namna ya kusuka unaweza kuisoma kwenye kazi yake. Fuata chane moja kwa jicho kutoka ukingoni hadi katikati. Kama ni wa kawaida, utaona hivi: chane saba ziko kulia, sita kushoto. Ile ya ukingoni kabisa upande wenye saba inakunjwa, inapita juu ya mbili, chini ya mbili, juu ya mbili, inafika katikati na kujiunga na kushoto. Sasa kushoto kuna saba. Ya ukingoni huko inakunjwa, inarudi vivyo hivyo. Daima anayetoka ni upande wenye chane moja zaidi. Ukisimama kwenda kumfungulia mtu mlango, ukirudi hesabu kwanza ndipo uendelee. Kama wa bibi unakwenda juu ya moja na chini ya moja, fuata wake.

Chane ikibaki vidole vinne, usingoje iishe. Laza mpya juu yake, ziende pamoja njia moja nzima hadi katikati, kisha ile kuukuu iache ining'inie upande wa chini. Unganisha katikati ya ukili, kamwe si ukingoni, kwa sababu ukingoni ndipo sindano itakapopita na uvimbe wowote hapo huharibu mshono. Na usiunganishe chane mbili mahali pamoja. Ndiyo maana wasusi huanza na chane za urefu tofauti, ili zisiishe siku moja.

Kata kijiti cha sentimita tano ukiweke pajani. Kila shibiri kipime ukili. Ukipanuka, mkono umechoka, acha ulale. Ukipinda kama nyoka, upande mmoja unavutwa zaidi, mara nyingi ule wa mkono wako wa nguvu. Suka shibiri mbili za majaribio kwa ukindu usio na kazi, uziache zikauke siku nzima kivulini ndipo uzipime. Ukili mbichi huwa unaficha makosa.

Rangi nitaipita haraka. Ukichemsha ukindu kwa rangi ya unga upate zambarau au nyekundu ya bibi, linganisha zikiwa kavu, siyo zikitoka sufuriani. Hata ukipatia, yake imekwisha kupauka na yako itakuwa kali. Mimi ningesuka zako zote nyeupe kuliko kutafuta rangi ambayo jua limekwisha kuila.

Turudi kwenye kile kipande cha mita 1.35. Mwisho wake uko wazi, chane zake zinangoja. Lowesha, unganisha chane zako moja moja kwa kuzipishana, na usuke sentimita 60. Hapo una ukili kamili wa 195, kama theluthi mbili mkono wa bibi na theluthi wako. Ukiupanga mkeka, utakuwa wa 18: kumi na saba za bibi, huo mmoja wa pamoja, na sita zako peke yako. Hiyo ndiyo njia salama hata kiufundi, maana mahali mikono miwili inapokutana pakiwa ndani ya ukili mmoja huwa imara; kuunga vipande viwili vilivyokatwa huachia baada ya mwaka.

Kushona kunataka shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na uvumilivu. Kabla ya kushona, funga ukili mpya kwenye mkeka kwa vijiuzi kila shibiri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Bila hivyo mmoja utavutika kuliko mwenzake na mkeka utakunja mawimbi. Tazama mishale ya msuko kwenye kazi ya bibi: kama kili zake zinapishana, moja inaelekea juu na ya pili chini, endeleza hivyo. Uzi upitie kwenye mikunjo ya ukingo wa kili zote mbili kwa zamu, ukivutwa mpaka kingo zigusane, basi. Tumia katani au uzi wa aina aliyotumia yeye. Nailoni ya viroba inauzwa rahisi na ni imara, ila ukiivuta kwa nguvu inakata ukindu kama msumeno.

Pindo la miisho miwili, kama mama na shangazi zako wataridhia, litoke kwenye kanga ya bibi. Kanga ina pindo lake pande zote; kata vipande viwili kwenye upande mrefu, kila kimoja urefu wa sentimita 125 na upana wa nane, ukianza nje kuja ndani, na kipande chenye jina, yale maandishi ya kanga, kibaki kizima. Kunja zile ziada za vidole vinne upande wa chini, zifunike kwa kitambaa, shona mara mbili.

Mikia ya chane iliyoning'inia chini iache mpaka mkeka ukauke siku mbili kivulini, ndipo uikate kwa wembe, ukiacha urefu wa punje ya mchele. Ukiikata ingali na unyevu, itasinyaa irudi ndani na chane ifunguke. Ukiugeuza mkeka kwa kazi hiyo utakuta upande wa bibi nao una mikia yake ambayo hakuwahi kuikata. Ikate pamoja na yako.